Maneno ya Bibi Yaliyofika Marekani

Ile nyumba yetu ya Khuwair ya Kusini, hapa Maskati, imeshavunjwa. Pamesimama jengo la ghorofa saba, chini dobi na duka la simu. Nilipita wiki iliyopita nilipotoka kazini, nikaegesha gari mbele ya dobi, nikakaa humo humo na kiyoyozi kinavuma. Nilidhani ntalia. Wapi! Sikusikia kitu, si uchungu si furaha, kama shavu lililopigwa sindano na daktari wa meno. Bwana wa dobi akatoka, akanigongea kioo, akaniuliza kwa Kiarabu chake cha kuungaunga kama nna nguo za kuacha. Nikamwambia sina. Akaniomba basi nisogeze gari, nimemzibia mlango. Nikasogeza, nikenda zangu.

Usinione mwehu, mwenzangu. Kilichonipeleka pale ni barua. Asubuhi ya siku ile, ofisini Al Khuwair, hata kahawa sijainywa, nafungua kompyuta nakuta ujumbe kutoka Marekani. Mwenyewe ni msomi wa chuo kikuu, mwanamke, anaandika kitabu cha maisha ya mshairi mmoja mashuhuri wa kwao aliyefariki majira ya baridi yaliyopita. Kaandika kwa adabu, mistari mingi ya kuomba radhi kabla ya kufika kwenye jambo lenyewe. Na jambo lenyewe ni hili: wewe ndiye yule mtoto wa Maskati? Na yale maneno ya bibi yako yaliyomo mashairini, kweli aliyasema?

Nikaifunga barua, nikafanya kazi mpaka saa nane na nusu. Ndivyo nilivyo siku hizi, mambo yananifikia yamechelewa.

Sasa ngoja nikupeleke kwetu. Nyumba ilikuwa na juu na chini. Chini tukikaa sisi, mimi na mama na bibi na babu. Juu akikaa mpangaji. Mama alikuwa nesi, na mwaka ule zamu zake zilikuwa za mchana, kwa hivyo nikirudi skuli namkuta bibi jikoni na kazi zangu zinaningoja. Kubwa ilikuwa nazi. Bibi hakutaka kusikia habari ya tui la kopo. Nazi zikija kutoka Salala, ndogo, ngumu, nami nikikaa juu ya mbuzi nikizikuna mpaka vidole vinawaka, huku redio inasoma habari na harufu ya mchuzi wa papa imefika mpaka kwenye nguo zangu za skuli. Nikikuna sana hadi nikagusa kifuu, bibi huniambia, "Hilo tui la rangi ya chai utalinywa mwenyewe." Mdomo alikuwa nao bibi yangu! Hakuna aliyesalimika naye, si jirani, si muuza samaki, si babu.

Babu akafariki. Aliamka akasali alfajiri, akarudi kujinyoosha, basi, hakuamka tena. Bibi akaingia eda. Miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba: hatoki, hajipambi, hatii wanja wala hina, hajifukizi udi, haonani na wanaume wasiokuwa maharimu zake. Siku za mwanzo nyumba haikuwa na pa kutia mguu kwa wanawake waliokuja kumkalia. Ilipopita khitma ya arubaini wakapungua, kila mtu ana watoto wake na jiko lake. Tukabaki mimi na bibi, laasiri baada ya laasiri, yeye juu ya mkeka kaegemea ukuta, mimi na daftari langu la hesabu.

Hapo ndipo aliposhuka mpangaji. Tukimwita Mwalimu wa Juu, kwa sababu akisomesha Kiingereza kwenye chuo kimoja hapa mjini. Mmarekani, mrefu, nywele za rangi ya majivu na hali hata arubaini hajafika, na miguuni viatu vizito vya kamba ambavyo sikuwahi kumwona mwanamke kuvaa. Kuwa ni mshairi hatukujua, na tungejua ingetusaidia nini? Alishuka na zawadi mkononi, chupa ya manukato imefungwa utepe. Manukato, kwa mwanamke wa eda! Jirani mmoja aliyekuwepo akajiziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Bibi akaipokea kwa mikono miwili, akaigeuza akaitazama pande zote, kisha akacheka. Mara ya kwanza tangu msiba. "Mwambie ahsante," akaniambia. "Mwambie ntajipaka siku ya kutoka, kama ntakuwa bado nnakumbuka watu wanajipaka wapi."

Nikamwambia, neno kwa neno kadiri ya uwezo wangu. Mwalimu akawa mwekundu, halafu naye akacheka, na tokea siku ile akawa anashuka kila laasiri asiyokuwa na darasa.

Alikuwa hajui kama finjani ya kahawa hutikiswa ukishatosheka. Bibi humimina, yeye hunywa. Bibi humimina, yeye hunywa. Siku moja alifika finjani kumi na moja, na mimi nimeshachoka kwenda jikoni kujaza dele. "Hebu muulize," bibi akasema, "kama kwao maji yamekatika." Hilo sikulitafsiri, nilicheka tu, na Mwalimu akacheka kwa kuniona mimi nacheka.

Kisha akaanza kuuliza. Akija na daftari lenye jalada la kijani, akiuliza mambo ambayo kwetu mtu hamuulizi mjane. Ukiamka unasikia nini? Upande wake wa kitanda unaufanyaje? Bibi angeweza kumwondoa kwa neno moja, na mwenyewe nimeshakwambia maneno alikuwa nayo. Hakumwondoa. Wanawake wote waliokuja walimwambia asubiri, ni amri ya Mungu, na yeye akawajibu alhamdulillahi. Huyu hakumwambia asubiri. Aliuliza, akanyamaza, akangoja. Basi bibi akafunguka.

Na mkalimani nani? Mimi, mtoto wa miaka kumi, na Kiingereza changu cha kalamu na meza na hali ya hewa. Siku za mwanzo nilijitahidi, wallahi nilijitahidi. Lakini bibi akishaanza alikuwa hasemi kwa kifupi. Alikuwa anakwenda Unguja, walikotoka yeye na babu, na kurudi, anataja watu waliokufa kabla mama hajazaliwa, anatia maneno ambayo hata kwa Kiswahili siyajui. Na nje watoto wa jirani wanaendesha baiskeli, nasikia kengele. Bibi akisema dakika kumi, mimi nikitoa sentensi tatu. Halafu nikatambua jambo. Nikisema kitu cha kawaida, kama "anasema alikuwa mtu mwema," kalamu ya Mwalimu haitembei. Nikisema kitu cha ajabu kalamu inakimbia, na Mwalimu ananitazama kana kwamba mimi ndiye mfiwa. Mtoto gani hapendi kutazamwa hivyo? Nikaanza kutunga.

Siku moja Mwalimu akauliza, kitu gani cha mumewe anakikosa zaidi. Bibi akageuza uso ukutani, akawa anachokoa ukindu wa mkeka kwa ukucha, ndipo akasema. Alisema muda mrefu kupita siku zote. Mara sauti ikakatika, akangoja, akaendelea. Mimi sauti naikumbuka. Ukucha naukumbuka. Nakumbuka baiskeli imepita dirishani mara tatu, na mara ya tatu aliyepanda alikuwa mtoto ninayemchukia, na baiskeli yenyewe ni yangu. Bibi alipomaliza akajifuta macho kwa kiganja, akanigeukia. "Mwambie, mwanangu. Mwambie vizuri."

Nikamwambia Mwalimu: anasema viatu vya babu bado vinatembea humu ndani. Anavisikia vinakwenda, vinarudi. Amevifungia kabatini, lakini kila asubuhi vinabisha, vinataka kufunguliwa vende kusali.

Unajua nilivitoa wapi? Juu ya dari. Vilikuwa viatu vya Mwalimu mwenyewe, vile vizito vya kamba, vilivyokuwa vikitembea juu ya kichwa changu kila siku nikifanya hesabu.

Mwalimu akaweka kalamu chini, akalia kwa sauti kama mtoto. Bibi akamshika mkono akaupapasa. Kisha akaniuliza, "Umemwambia yote?"

"Yote, bibi."

"Ahsante, mwanangu."

Nikakimbia nje kuichukua baiskeli yangu.

Bibi akatoka eda, akaoga, akavaa nguo mpya, mama akamfukiza udi nyumba nzima ikajaa moshi. Mwalimu akamaliza mkataba wake, akarudi kwao. Mwaka wa pili yake bibi akamfuata babu. Nami nikakua, nikasoma, nikapata kazi ya serikali, nikaolewa, nikazaa. Wanangu ukiwasemesha Kiswahili wanakujibu kwa Kiarabu au Kiingereza, na wakijitahidi sana wanasema "jambo" kama watalii. Sikuwahi kumfikiria Mwalimu wa Juu hata mara moja.

Kumbe mwenzangu, ana historia ndefu! Yule msomi kanieleza yote baruani, na shairi lenyewe kaliambatisha. Mwalimu kazaliwa kwenye mji mdogo wa baridi kali, baba yake fundi matrekta, na alikuwa akiandika mashairi nyuma ya risiti za dukani tangu msichana. Akatoa kitabu kimoja akiwa kijana, hakuna aliyekisoma. Cha pili kikakataliwa kila alipokipeleka. Akaacha kuandika, miaka mingi hakuweka mstari, akatafuta kazi ya mbali ya kusomesha, ndiyo akaja kuwa juu ya dari yetu. Aliporudi kwao akatoa kitabu chenye mashairi ya mjane mmoja na eda yake, siku baada ya siku. Kikapata tuzo. Akaitwa huku na huku, akapewa kazi ya kusomesha ushairi chuoni, akatoa vitabu vinne vyengine ambavyo watu walivisifu kwa heshima bila kuvipenda. Kila akipanda jukwaani watu wanataka shairi la viatu. Wakizikana huko kwao wanasimama kanisani wanasoma la viatu. Aliwahi kumwandikia rafiki yake kuwa amechoka nalo, na kwamba uzuri wake si wake, ni wa bibi kizee wa Maskati ambaye Mungu amempa ulimi kuliko washairi wote aliowasoma. Na kitabu chenyewe, ukurasa wa mbele, kakitunuku kwa "mtoto aliyeniletea maneno ya bibi yake."

Nilisoma yote hayo mezani kwangu. Ningepaswa kusikia aibu, au kucheka. Nilikwenda kupiga kopi ya faili.

Kosa langu kubwa nililifanya nyumbani. Nakaa Al Amerat, na nakaa na mama mkubwa, dada wa marehemu mama, ndiye aliyebaki peke yake wa tumbo la bibi. Babu alipofariki yeye alikuwa Unguja kwa mumewe, na mimba kubwa, daktari kamkataza kupanda ndege. Hakumzika baba yake, hakumkalia mama yake eda. Alipokuja kuhamia huku bibi naye alikuwa ameshazikwa. Baina yao zilikuwa simu tu, na bibi kwenye simu hakuwa na neno isipokuwa sote wazima, nyie je. Yote hayo nayajua miaka. Na bado, tunakula wali jioni ile, mdomo ukanitoka: kuna barua kutoka Marekani, inamhusu bibi.

Lo! Mama mkubwa akaacha tonge sahanini. Nikamweleza habari ya Mwalimu na daftari na mashairi, ila lile la utunzi wangu nikalimeza. "Mama yangu yumo kitabuni?" akauliza. "Maneno yake ya eda?" Asubuhi yake majirani wote walikuwa wanajua. Akataka nimsomee Ijumaa baada ya chakula, kwa utulivu. Ijumaa ile alioga mapema, akavaa pea yake mpya ya kanga, akafukiza udi sebuleni kama anapokea mgeni. Watoto akawatoa. Akakaa kwenye kochi kanielekezea sikio lake la kulia, ndilo linalosikia vizuri, mikono kaiweka magotini.

Ningesema nini? Nikamsomea lile la viatu. Nikalitoa Kiingereza nikalitia Kiswahili, kazi ile ile, miaka thelathini na zaidi baadaye. Viatu vinakwenda, viatu vinarudi, viatu vimefungiwa kabatini, vinabisha asubuhi vinataka kwenda kusali.

Akasogea mbele kidogo kwenye kochi. Kisha akasema, "Endelea."

"Limekwisha, mama mkubwa."

"Limekwisha? Mama yangu mie hatosheki na maneno manne haya!" Akanitazama sana. "Mbona haya si ya mama. Mama hakuwa mtu wa kusema viatu vinatembea. Angesikia mtu anasema hivyo angemsomea Ayatul Kursiyyu. Haya ya kitoto haya."

Nikamwambia. Sikuzunguka. Nikamwambia baiskeli, na kalamu inayokimbia, na dari. Nilikuwa nikijisikia nasema kama mtu anayesoma taarifa ya habari. Hakunikatiza. Nilipomaliza hakunigombeza, na ningependa angenigombeza.

"Haya," akasema, "na yeye alisema nini?"

"Sikumbuki."

"Japo moja."

"Sikumbuki, mama mkubwa. Nilikuwa nasikiliza baiskeli."

"Lakini ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

Jumapili nikamjibu msomi. Nikamwandikia mistari mitatu: maneno ya viatu ni yangu, niliyatunga nikiwa na miaka kumi, ya bibi siyajui, Mwalimu hakuwa na kosa. Nilidhani nimemharibia kitabu. Akajibu saa ile ile, amefurahi ajabu, anasema hii itakuwa sura nzuri kuliko zote, na je, nna picha ya nyumba? Watu hao! Nikamjibu kuwa picha sina, pana dobi sasa.

Mama mkubwa ndiye hajaridhika. Kila siku ananijia na kitu anachodhani kitanizindua. Anasimama mlangoni, mimi nakata vitunguu: labda alitaja ile nyumba ya Malindi, kule Unguja, yenye ngazi za mbao? Labda, nasema. Labda alitaja babu alivyomposa, mara mbili wakamkatalia? Labda. Labda siku waliyoondoka Unguja, alivyoacha chungu motoni? Namtazama, nataka kusema ndiyo hiyo, lakini hakuna kinachoinuka ndani yangu. Mambo mazuri anayoyataja, mengine sikuwahi kuyasikia. Bibi huenda aliyasema yote laasiri ile, na huenda hakusema hata moja. Alimfungulia moyo mtu mmoja duniani, na mlango wa kupitia nilikuwa mimi. Mwalimu naye kenda zake amebeba viatu. Nikifika hapo kwenye kufikiri nasimama, kwa sababu sisikii kitu, na kutokusikia kitu kunanitisha kuliko kulia.

Jana, baada ya sala ya laasiri, nilikuwa nakunja nguo chumbani kwake. Alikuwa bado kwenye msala, tasbihi mkononi, haivuti. Safari hii hakuniletea nyumba wala chungu.

"Nikuulize kitu kimoja, na sitakuuliza tena," akasema. "Mimi alinitaja?"

Niliendelea kukunja shuka. Ilikuwa shuka kubwa, haikunjiki na mtu mmoja.

"Kwamba sikuja," akasema. "Kwamba mwanawe hayupo. Alinitaja hata jina?"

"Alikutaja," nikasema.

Akageuka mzima mzima. Uso wake, mwenzangu, ulikuwa uso wa mtoto. Nikafungua mdomo, "Wallahi..." Akanyanyua kiganja kunizuia.

"Usiape, mwanangu. Usiape. We niambie tu alisema nini."

Nikaiweka shuka kitandani, nikakaa chini karibu na msala wake, upande wa sikio linalosikia, nikaanza kumwambia.